Garimoshi la Mjomba Lililokataa Rangi

Wiki iliyopita nilikuwa napaka mlango wa choo changu, na rangi ikanikatalia. Ikajivuta huku na huku, ikaacha matundu ya duara kama macho ya samaki. Nikakaa juu ya ndoo, nikacheka peke yangu, hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama tapentaini imenipanda kichwani. Haikunipanda, rafiki yangu. Ilinirudisha kijijini Samuye, uani kwa bibi, miaka ya sitini, msimu ule wa garimoshi.

Nikuambie kwanza kwamba nilikuwa mtoto wa jikoni. Wenzangu walichunga ng'ombe, mimi nilichunga chungu cha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, visije vikaungua. Jua lilinichosha na mbwa walinitisha. Kwa hiyo mjomba, mdogo wake mama, alipotafuta wa kumpakia rangi garimoshi lake, alinikuta nimekaa palepale aliponiacha jana yake.

Mjomba alikuwa manju, kiongozi wa kundi letu la ngoma. Baada ya mavuno, makundi mawili yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wakakimbilia upande unaowafurahisha. Hakukuwa na hakimu. Watu wakikuhama, umeshindwa. Misimu miwili mfululizo walikuwa wamemhama mjomba, na kundi lilishamwambia: wakihama tena, tunachagua mwingine. Ndipo akaenda stesheni ya Shinyanga, akapima kichwa cha treni kwa hatua zake, akarudi kukichonga kwa mninga, kiwe kivutio chake uwanjani, kila hatua ikawa upana wa kiganja. Kilikuwa na magurudumu yanayozunguka, dohani, hata kengele. Kilichobaki ni mimi na kopo la rangi nyekundu.

Mkono wa kwanza niliupaka kwa ulafi, nene, ukakunjamana kama utando juu ya uji. "Umepaka au umemwaga?" mjomba akaniuliza. Nikakwangua, nikasugua kwa majani ya msasa, nikapaka nyembamba. Ng'ombe wakarudi jioni na vumbi lao lote likaganda juu yake. Nikasugua tena, nikahamia ndani ya ghala. Safari hii rangi ikang'aa, ikawa nzuri hata nikaanza kutembea kifua mbele. Isipokuwa kwenye paji la kichwa na juu ya magurudumu. Hapo ilijitenga, ikaacha mbao wazi. Nililaumu tapentaini. Nililaumu brashi, ambayo ilikuwa mkia wa mbuzi, ikastahili. Kila nilipopaka upya, asubuhi nilikuta matundu palepale.

Mwishowe nikapitisha kidole, nikanusa. Samli.

Bibi alikuwa akipepeta mtama mlangoni. Nilipomwuliza hakuinua hata kichwa. "Ni mimi," akasema. "Na nitapaka tena."

Ilikuwa samli yenye dawa ya mganga, ya kinga. Kaka yake mjomba ndiye aliyekuwa manju kabla yake. Aliugua katikati ya msimu wa ngoma, akafia hospitali ya misheni. Daktari alisema ini. Bibi alisema wapinzani. Sasa mwanawe aliyebaki alikuwa anaingia uwanja uleule, mbele ya watu walewale.

Mjomba akaja, akaangalia matundu, akamwangalia mama yake. "Inatoka hiyo?" akaniuliza.

"Inatoka, mjomba. Majivu na sabuni, mara moja tu."

"Toeni," bibi akasema, ungo ukiendelea kurusha makapi. "Nimeshazika manju mmoja. Njia ya makaburini naijua."

Mjomba akachukua kitambaa changu cha kusugulia. Niliomba moyoni akitumbukize kwenye maji ya majivu. Badala yake akanirushia. "Paka panapokubali," akasema.

Siku ya ngoma garimoshi lilitoka na kengele yake, na watu wakashangilia kweli. Kisha manju wa upande wa pili akaliona lile paji. "Abiria, msipande!" akaimba. "Garimoshi la hawa lina upele!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kicheko kikawavuta. Niliwaona wakihama, kwanza watoto, kisha akina mama, kisha hata majirani zetu. Mjomba aliendelea kucheza mbele ya watu wachache na mbwa. Bibi hakutazama garimoshi wala umati. Alitazama miguu ya mwanawe, kama inakanyaga sawasawa.

Kundi likachagua manju mwingine. Mjomba akarudi kwenye pamba yake, na hakuchonga tena hata mwiko. Kuku walitagia ndani ya garimoshi mpaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, likabaki huko pamoja na ghala. Siku hizi ngoma zile ni chache, na nyingine huja na spika.

Sijui kama mjomba aliamini dawa ile. Sikumwuliza, na nilikuwa nimemnunia bibi kwa muda usiofaa kutajwa. Mjomba aliishi hadi uzee, akafa kitandani mwake, baada ya mama yake. Hilo ndilo bibi alilotaka, na alilipata. Ni mimi tu, na mvi zangu hizi, ningali nataka lile garimoshi ling'ae.