Mpira Unaoonyesha Maji

Enzi zetu, sisi tuliokulia vijijini Iringa, asubuhi za masika zilianza na baridi ya kukata magoti na harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kabla ya kubeba kidumu na fagio la shule, kabla ya mchakamchaka, tulikimbilia kwenye milanzi nyuma ya nyumba. Jioni iliyotangulia Baba alikuwa ameshakata ncha za machipukizi na kutundika mbeta, vile vipande vya mwanzi vinavyokinga maji yake. Yale ya asubuhi, mtogwa, kabla hayajachacha, yalikuwa halali yetu watoto: matamu, ya baridi, na mara nyingi yana nyuki aliyekufa kwa raha zake. Tulimtoa kwa kidole, tukaendelea. Mtoto wa siku hizi akikuta unywele kwenye maziwa, nyumba nzima hailali.

Mama alikuwa na neno moja tu: "Usinywe kwanza. Wenzako wote wapo?" Kama mdogo wangu Festo alikuwa bado anahangaika na shati alilovaa ndani nje, tulimsubiri huku mate yakitutoka.

Baba na Mama walipofariki, ndugu walikaa wakatugawa. Festo aende Mbeya, Agnesi, kitindamimba wetu, aende Njombe, mimi nibaki. Nilikuwa darasa la sita. Nikawaambia hawaendi popote, nitagema mimi.

"Utawalisha ulanzi?" baba mdogo akanicheka.

"Nitawalisha kitakachonunuliwa na ulanzi."

Shule yangu ikaishia pale, lakini hakuna aliyeondoka. Ulanzi mkali niliuza kilabuni. Mtogwa tuliunywa wenyewe, kwa sheria ileile ya Mama.

Leo wote watatu tuko huku Toronto. Mimi ninaishi ghorofani Flemingdon Park, Agnesi yuko Brampton, na Festo ana nyumba Richmond Hill, yenye uwanja unaoteremka hadi mtaroni na miti kadhaa ya mepo, ule wenye jani la kwenye bendera ya hapa Kanada. Siku tulipojua kwamba mti huu nao unagemwa, mwishoni mwa majira ya baridi, usiku unapoganda na mchana unapoyeyuka, tulicheka hadi tukashika mbavu. Tumevuka dunia nzima kuja kugema tena.

Mwaka jana tulitundika ndoo. Na kwa kuwa kwetu mbeta haisuguliwi, maana masalia yake ndiyo yanayoutia ulanzi ukali, sote tulikubaliana kwamba ndoo nazo zisioshwe. Haikuchukua muda, maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Shira tuliyoipika kwa maji hayo, majirani waliisifu kwa upole uliopita kiasi. Lakini kila Jumamosi tulikutana kumwaga ndoo zile. Agnesi alileta maandazi, tukabishana, tukarudi nyumbani na soksi mbichi.

Mwaka huu Festo akasema ndoo basi. Tununue mipira, maji yatoke mtini na kuteremka yenyewe hadi kwenye pipa.

"Kaka, goti lako na hii theluji haviivi. Umezunguka miti ya kutosha."

Alisema kwa upendo, na ni kweli. Ila moyo wangu uligoma. Ndoo ikijaa, lazima mtu aje. Mpira ukifanya kazi yote, Agnesi atatoka Brampton kufuata nini?

Dukani niliishika mipira mmoja mmoja kama mama anayechagua kanga. Ule wa kumwagilia bustani Festo aliunusa, akaurudisha mwenyewe. Muuzaji alisema kwa mteremko wetu, mpira mwembamba ndio mzuri, maji yakishajaa ndani yanavutana yenyewe. Ikabaki rangi. Wa buluu unashika jua mapema na barafu iliyomo inayeyuka upesi. Ule unaoonyesha ndani unachelewa kidogo.

"Wa buluu, Kaka. Una faida."

"Huu unaoonyesha."

"Unaonyesha nini?"

"Kinachopita. Kama hakuna cha kubeba, basi kuwe na cha kutazama."

Festo akanitazama kidogo, akarudisha wa buluu mahali pake. "Lakini huu utaoshwa, Kaka."

"Utaoshwa."

Jumamosi iliyopita maji yalianza kutiririka. Watoto wa Festo walisimama kando ya mpira, wakishindanisha viputo kutoka mti hadi pipa, wakizomeana kwa Kiingereza. Simu zao ziliachwa mezani ndani, jambo ambalo mama yao bado halielewi.

Enzi zetu utamu ulitudai miguu, na kwa sababu hiyo tulikuwa pamoja bila hata kupanga. Siku hizi maji yanajua njia yenyewe, na ndugu wa tumbo moja wanaulizana kwanza nani ana nafasi wikiendi gani. Sijui kama tumepumzika au tumepungukiwa.

Festo alikinga vikombe, akawagawia watoto. Binti yake mkubwa aliinua chake hadi mdomoni, akasita, akatuangalia. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama wote tupo.

"Shangazi yako bado yuko barabarani," nikamwambia. "Anakuja na maandazi."

Akakiweka kikombe juu ya pipa, na wenzake wakaweka vyao. Tukasubiri.