Mchanga Usio na Karatasi

Miaka ile gesi ilipogunduliwa, pwani yetu ya Afungi ikazungushiwa uzio, na kazi yangu ilikuwa kupima tope. Wengine walipata upishi, ulinzi, udereva. Mimi nilipandishwa boti hadi pale walipokuwa wakichimba njia ya meli kubwa, nikachota tope na mchanga wa chini ya bahari, nikajaza chupa za vioo. Chupa zilipelekwa maabara kwa ndege, mbali. Jibu likiwa jema, mchanga uliruhusiwa kutumika nje. Likiwa baya, au lisipokuwepo kabisa, mchanga ulifungiwa ndani ya uzio, kwenye shimo lenye kuta za udongo.

“Binti yako kasoma miaka yote ile ili aje achote tope?” majirani walimtania mama. Mama alicheka nao, maana alikuwa na haja na tope lenyewe. Tulipohamishwa kupisha ujenzi, tulipewa nyumba mpya bondeni, na kila masika maji yaliingia mpaka chumbani. Chefe wangu, yaani mkuu wangu wa kazi, mtu wa kusini mwa nchi aliyeletwa huku kikazi, aliahidi: kipande cha mwisho cha njia ni mchanga mweupe mtupu, ukipita kipimo malori yatakuja kuumwaga kwenye nyua zetu, ziinuke juu ya maji. Mama alichomeka vijiti uani kuonyesha mchanga ufike wapi.

Kipande hicho nilikichota mwezi wa Ramadhani. Nilishinda baharini na saumu yangu, jua utosini, na tuliporudi gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshaondoka. Chefe akasema nilale na boksi nyumbani, gari litalipitia baada ya sala ya alfajiri. Ndani mlikuwa na chupa sita na mifuko ya barafu, maana sampuli ikipata joto haifai tena. Nikaliweka pembeni mwa chumba, nikamwambia mama, “Usiguse chupa, Mama, ni za kazi.” Kisha nikajitupa mkekani, nikalala fofofo.

Niliamshwa kufuturu. Majirani wanawake wamejaa, muhogo wa nazi uko tayari, na maji ya ukwaju yalikuwa baridi. Mtaa mzima siku ile haukuwa na barafu. Nilikunywa vikombe vitatu bila kuuliza baridi imetoka wapi, kwa jinsi nilivyochoka.

Alfajiri nilifungua boksi. Mifuko ya barafu haimo. Chupa zimefunikwa vizuri kwa gunia lililoloweshwa.

“Gelo nimechukua mimi,” mama alisema akiwa mlangoni. “Watu wamefunga kutwa nzima, mwanangu, niwape maji ya moto na gelo imo ndani? Tope halichachi. Chupa zako sijagusa hata moja.”

Kweli hakugusa. Kwetu kumnyima mfungaji maji baridi uliyonayo ni aibu ya kusemwa mwaka mzima. Nilikasirika, lakini ukwaju wenyewe nilikuwa nimeunywa mimi.

Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya kuandika joto la boksi. Ilitakiwa nyuzi nne. Kipimajoto kilisoma ishirini na saba. Ningeweza kuandika nne. Niliandika ishirini na saba, na mpaka leo sijui kama ulikuwa uaminifu au nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

Chefe aliisoma mara mbili. “Amostra perdida,” akasema. Sampuli imeharibika.

“Tuchote tena, chefe.”

Akatikisa kichwa. Sampuli huchotwa chini ya bahari tu, na kipande kilikuwa kimeshachimbwa, tishari limejaa na linasubiri kushusha, na mchanga usio na karatasi unahesabiwa mchafu. Alasiri ile ulimwagwa shimoni. Mama aliuona kupitia waya wa uzio, mweupe, akaniuliza mbona hauji.

“Haukupita, Mama,” nilisema. Sikusema uwongo, na ukweli pia sikuusema. Niliogopa angejilaumu mpaka kufa, na nilijionea aibu mwenyewe.

Masika yalipofika maji yaliingia, yakatufika juu ya vifundo vya miguu. Tulipandisha vitanda juu ya matofali. Mama alifunga kanga kiunoni, akachota maji kwa bakuli na kuyamwaga nje, akachota tena, siku ya pili, siku ya tatu. Mgongo ulimkataa. Nikaona sasa basi, nimwambie.

“Mama, ule mchanga...”

“Usinikumbushe,” akasema. Alijinyoosha taratibu, mkono mmoja ukutani. “Ningeuleta mwenyewe humu ndani, wajukuu zangu wauchezee, kumbe una sumu. Bora maji haya. Afadhali ulitupimia, mwanangu. Mungu akulipe.”

Nikampokea bakuli, nikainama.