Mume Wangu Aliandika Kwamba Niliumia Nyumbani

Admin, ukiweka kisa hiki naomba jina langu lisionekane. Mafia ni kisiwa, tunajuana, na ninaowasema humu nao wanafuata ukurasa huu. Wakijitambua, basi wajitambue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, kwetu Baleni, nina watoto wawili. Miaka minne nimefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha makumbi ya nazi hapa hapa kisiwani. Tunalisha makumbi kwenye mashine yenye meno, inayachambua, zinatoka nyuzi za kusokotea kamba. Tajiri mwenyewe anakaa Dar, msimamizi ni mume wangu. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini, na hakuna wiki iliyopita bila kunikumbusha.

Mdomoni mwa mashine kulikuwa na kifuniko cha chuma. Makumbi mabichi yakawa yanakwama pale, kazi inachelewa, mume wangu akachukua spana akakifungua, akakitupa stoo. Nikamwambia, "Baba watoto, hapo mkono unaingia." Akanijibu mbele ya wenzangu, "Anayeogopa akalime muhogo." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Haikupita hata mwezi, mashine ikanishika. Ilianza na mkono wa dera, kisha ikanivuta. Mkono wa kulia nimebaki na gumba na kidole cha mwisho. Maumivu siyakumbuki sawasawa. Ninachokumbuka ni maneno ya mume wangu ndani ya gari tukipelekwa hospitali: "Ukifika sema ulikuwa unapasua kuni nyumbani, panga likateleza. Ukitaja mashine mimi nafungwa, na wanao utawalea wewe." Navuja damu, kanga imelowa yote, nikasema sawa.

Daktari alinisikiliza, akautazama mkono, akaniuliza kwa upole, "Mama, panga linakata, halinyofoi. Na hizi nyuzi za makumbi zimeingiaje kwenye jeraha?" Nikamtazama mume wangu. Akadakia yeye, "Kuni zilikuwa juu ya makumbi." Daktari hakubishana, akaandika. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliandika alichokiona, siyo alichoambiwa.

Nikalala nyumbani wiki sita. Kutoka kiwandani hakuja mtu hata kunipa pole. Siku moja mchana mume wangu akaingia na karatasi imechapwa vizuri. Nikaisoma: kwamba siku ile sikuwa kazini, niliumia nyumbani kwangu, na sina dai lolote kwa kiwanda. Chini kuna shahidi. Shahidi ni yeye, ameshasaini. Nikamwambia sina mkono wa kuandikia. Akatoa pedi ya wino mfukoni, akaiweka juu ya mkeka. "Gumba si limebaki? Tia."

Nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mmoja. Nimemzalia, nimemuuguza. Siku ile nilimchukia, na chuki yenyewe haijapungua. Nikamwambia niachie karatasi nifikirie. Kesho yake nilikuwa Baleni kwa mama yangu, na watoto, na karatasi nimeitia mkobani.

Nikaipeleka kwa mama mmoja hapa wilayani, msaidizi wa kisheria. Nilidhani sina haki kwa sababu sikuwahi kupewa mkataba wa maandishi, na kwa sababu labda nilizembea. Akaniuliza, "Asubuhi ile ulisaini mahudhurio?" Nikasema nilisaini. "Basi wewe ni mfanyakazi, na uliumia kazini. Fidia haianzi kwa kuuliza kosa ni la nani. Mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa. Akinyamaza, toa wewe, tena usikae, madai yana muda wake." Kisha akanitazama. "Lakini hospitali ulisema uongo. Hilo itabidi ulirekebishe kwa mdomo wako mwenyewe." Nikainama. Nilitamani ardhi inifunike.

Tukaandika barua kwa afisa kazi. Haikupita siku mbili, habari zikamfikia mume wangu, akapiga simu: "Ukitaja jina langu, talaka itakufuata huko huko kwa mama yako, na watoto nawachukua." Mama mkwe naye akaja mpaka Baleni. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akasema, "Unataka kumfunga mwanangu kwa ajili ya vidole?" Nikamwambia, "Mama, vidole vyenyewe ni vyangu." Akaondoka, hata maji hakunywa.

Afisa kazi anakuja Alhamisi. Kudai nadai, hilo halina mjadala, na karatasi yao bado ninayo mkobani. Sasa mume wangu amebadilisha maneno. Anasema, "Dai haki yako, sikukatazi, ila sema kifuniko kilikatika chenyewe, na hiyo karatasi ichome." Mama yangu mzazi anasema nimstahi baba wa watoto wangu. Mtoto wangu mkubwa kila jioni ananiuliza, baba anakuja lini kutuchukua.

Nilikuwa nimeanza kulegea. Juzi nikaambiwa pale kwenye mashine wamemweka mwanamke kutoka Ndagoni, ana mtoto anayenyonya, na kifuniko bado kiko stoo. Mume wangu ndiye anayemsimamia.

Wa kuniambia nivumilie naomba apite tu, kuvumilia nimeshavumilia. Nawauliza mliowahi kukaa mbele ya afisa na jina la mtu wenu mdomoni: nimtaje baba wa wanangu kwamba alikifungua kwa mkono wake na akaandika uongo, au nidai mkono wangu ninyamaze? Nijibuni kabla ya Alhamisi.