Pazi, Mtani Wangu wa Melini

Asubuhi hiyo tulikuwa bandarini Mwanza, tunapakia marobota ya pamba ya Bariadi, na Pazi alikuwa amenificha kiatu kimoja. Yeye Mzaramo, fundi mitambo wa meli. Mimi Msukuma wa Malampaka, baharia wa sitaha. Tulikuwa watani, basi hakuna kununa. Nilipakia pekupeku mpaka mchana. Nilimpenda sana yule mtu.

Vita na Uganda vilipoanza, meli yetu ya mizigo ikafungwa mzinga, ikawa inavusha askari kwenda Bukoba. Mwanza ikatulea. Kila tuliporudi, akina mama wanaouza samaki mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, walitungoja na masufuria ya sato, na hawakupakua mpaka wameona sura ya kila mmoja wetu.

Kisha ikaja ndege.

Ilipita juu ya meli mara moja tu, ikimimina risasi. Nililala kifudifudi.

Nilipoinuka, Pazi hakuinuka.

Kumpeleka kwao Kisarawe hakukuwezekana, tukamzika Mwanza. Wale akina mama walijaa makaburini, wakawa wananitazama mimi. Kazi ya mtani msibani inajulikana: amwigize marehemu, amseme, watu wacheke huku wanalia. Nilisimama tu. Mama mmoja akanivuta shati.

"Mtani wake si wewe? Mbona unamwacha aende hivi hivi?"

Nilishindwa. Aibu ile nikarudi nayo Malampaka.

Miaka ikapita, ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Nami nikafungua kibanda cha mitumba karibu na stesheni. Siku moja akashuka kwenye treni mama mzee, akaulizia mpaka akanifikia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu.

"Kisukuma chako sikijui, baba. Mimi mamake Pazi. Nimetoka Mwanza kuzuru kaburi. Wanawake wa kule wameniambia mwanangu alizikwa bila utani. Nimekuja unimalizie."

Nikatoka mbele ya kibanda, nikatembea alivyokuwa akitembea Pazi: bega moja juu, kidevu mbele, hana haraka, ana hakika Mwanza yote inamtazama yeye.

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaniomba nirudie.

Nikarudia. Mwendo ule ndio kitu pekee cha mwanawe nilichoweza kumrudishia.