Sauti ya Mwanamke wa Kofia ya Manyoya

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, katika saluni ya mama hapa mtaani Yeoville, pale mama aliposema, "Leo mwache dada yako asimulie. Wewe fagia nywele."

Dada yangu! Sina dada. Aliyeitwa hivyo ni msusi kutoka Bukavu, amenizidi miaka mitatu, na mama alikuwa amemwajiri juzijuzi tu.

Kazi niliyonyang'anywa ni hii. Saluni yetu ina kelele: draya, muziki wa duka la jirani, na umeme ukikatika, jenereta mlangoni. Televisheni haisikiki kabisa. Kwa hiyo baba alitutafutia filamu bubu, zile za kale za Hollywood, ambamo watu wanachezesha midomo tu, halafu maneno yao yanatokea yameandikwa kwa Kiingereza. Lakini mteja anayesukwa kisogoni ameinama mpaka kidevu kinagusa kifua. Atasoma saa ngapi? Basi mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea, nageuza kwa Kiswahili. Darasani sijawahi kunyoosha kidole. Pale niliweza, kwa sababu vichwa vyote vilikuwa chini na hakuna aliyenitazama.

"Paza sauti, binti, unaongea na sisimizi?" wateja walinitania. Nilikuwa napaza kidogo. Na mama, asiyekuwa na muda wa kunisikiliza siku nyingine yoyote, alikuwa akisimamisha mikono yake ili asikie. Wiki nzima nilikuwa naishi kwa ajili ya hilo.

Filamu ya siku ile ilihusu mwanamke mwenye kofia ya manyoya anayeingia kwa bibi kizee tajiri kama msaidizi. Anamchemshia supu, anamkanda miguu, na polepole anamchongea binti wa yule bibi mpaka binti anafukuzwa.

Msusi wetu hasomi Kiingereza. Alikuwa akitazama sura tu, vidole vinasuka, mdomo unaenda.

"'Mama, kunywa supu. Mutoto wako hakupendi, ni miye nakupenda!' Eh! Supu ya ule mwanamuke, mi siwezi kuionja!"

Saluni ililipuka kwa vicheko. Mama alicheka mpaka akashika kiti, akajifuta machozi kwa taulo la mteja. "Mwanangu, utaniua wewe!"

Mwanangu. Nilikuwa nafagia sehemu moja, ile ile, mpaka nikaona sementi inang'aa. Nilichukia mwanya wake wa mbele. Nilichukia anavyopasua njia ya nywele ikanyooka bila hata kutazama. Nilichukia kwamba kikombe cha bluu, ambacho hakuna aliyewahi kusema ni changu lakini ni changu, sasa kilikuwa chake. Nikamtazama yule bibi kizee kwenye skrini akimeza supu, nikasema moyoni: mama, ndiyo wewe huyo.

Mwishoni bibi amekufa, nyumba ni ya yule mwanamke. Anakwenda kusimama mvuani mbele ya chumba anachopanga binti sasa, kofia imelowa, manyoya yamelala kama kuku aliyenyeshewa. Msusi akarukia, "Amerudi! 'Petite, mutoto wangu, fungua, nimekuletea supu!' Bado anadanganya!"

Wakacheka. Mimi niliyaona maneno kwenye skrini.

"Si hivyo!" Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Anadanganya yeye! Hajui hata kusoma Kiingereza!"

Draya ilikuwa imezimwa, kila mtu alisikia. Vidole vya msusi havikusimama.

"Ni kweli," alisema taratibu. "Sijue. Nilikuwa naangalia sura."

Mama mmoja muuza vitenge, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa, akaniambia, "Haya, mwenye Kiingereza, tuambie wewe."

Nikasoma: "'Funguo za nyumba ya mama yako hizi hapa. Sikuombi unisamehe. Naomba tu uniache nisimame hapa mpaka mvua iishe.'"

Kisha yule mama akasema, "Aa. Ya kwanza ilikuwa tamu zaidi." Hakuna aliyecheka. Mama yangu hakunitazama. "Shika ufagio," alisema.

Tulipokuwa tunafunga mlango, sisi wawili tu, ndipo mama aliponiambia. "Yule alifukuzwa kazi dukani, huko mtaa wa Kensington, kwa sababu ya Kiingereza. Alinieleza siku ya kwanza, analia. Wewe umemwanika mbele za watu."

"Ulimwita mwanangu."

"Na wewe nikuite nani? Mteja?" Akavuta kufuli kuona kama limeshika. "Kesho utakwenda kwake. Mimi siji."

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilitembea hadi mtaa wa Berea, kwenye ghorofa anakopanga chumba. Maji yalikuwa yamekatika. Nilimkuta chini kwenye foleni, ana ndoo mbili.

"Dada," nilisema, mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. "Samahani kwa jana."

"Umekuja kuomba radhi ao kubeba maji?"

"Vyote."

"Anza na maji."

Tulipanda ngazi, lifti imekufa zamani. Katikati alitua ndoo yake apumue. "Ule mwanamuke. Rudia ile alisema."

Nilirudia. Alifumba macho, kisha akayasema yeye, polepole, kwa sauti yake: uniache nisimame hapa mpaka mvua iishe. Nywele za mikono zilinisimama. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayohayo na hakuna kilichomsimama mtu. Jumamosi, filamu ikirudiwa, atayasema hivyo, na saluni nzima itanyamaza. Eish, iliniuma vilevile, sitasema uongo.

"Na binti alijibu nini?" aliuliza.

Nikainua ndoo yangu, nikamwambia na hilo.