Kifungo Ndani ya Glavu

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hajatokea wa kuushona. Kwa hiyo leo najisifia mwanangu, na atakayeona kijicho shauri yake.

Mwanangu wa kwanza anaendesha pikipiki. Anachukua dawa bohari na kuzipeleka zahanati, na wenzake wanamwita Risasi. Jina hilo hakupewa kwa upole. Hata utotoni hakutembea huyu, alianza moja kwa moja kukimbia. Akipanda pikipiki, mkono wa kulia unamwasha mpaka azungushe mafuta hadi mwisho. Alikamatwa kwa mwendo kasi, akakamatwa tena, hadi askari wa barabarani akamwambia mbele yangu, "Kijana, nikikukamata mara nyingine, leseni hii sahau." Na bila leseni, bohari haimtaki.

Siku ile alikaa juu ya furushi langu la vitambaa, kichwa mikononi.

"Mama, si kwamba sitaki kuacha. Mkono unaenda wenyewe."

"Lete glavu," nikamwambia.

Nilitafuta kifungo kikubwa cha koti, chenye ukingo mkali, nikakishonea ndani ya glavu ya kulia, pale kiganja kinaposhika mpini wa mafuta. Ukizungusha kidogo, hakina neno. Ukizungusha kwa pupa, kinakufinya kwenye mfupa. Akaijaribu nje ya duka, akapiga yowe.

"Lo! Mama, una roho mbaya!"

"Na wewe umeirithi. Haya, nenda taratibu."

Akaenda taratibu kweli. Lakini wenzake hawakumwacha apumue. Waendesha pikipiki wana tabia yao: mtu akikupita, anakunyooshea mguu wa kushoto, yaani wewe umezeeka, kaa pembeni. Aliyenyooshewa lazima alipize, la sivyo atachekwa wiki nzima. Mwanangu alinyooshewa miguu hata na waliojifunza juzi. Jioni anarudi amenuna, chakula hagusi, ila leseni iko mfukoni.

Sasa ikafika siku ya dada yake mdogo kuapishwa uuguzi. Nguo za wateja nilikuwa nimezimaliza zote, gauni langu ndilo halina hata pindo! Nikalipiga pindo mbiombio, nikaruka nyuma ya Risasi huku tumeshachelewa. Barabara ilikuwa tupu, hakuna gari, hakuna askari. Nilichungulia mwenyewe pande zote. Nasi tunakwenda kama tumebeba mayai.

Mara akatokea yule wanayemwita Moshi, mshindani wake wa tangu zamani. Akatupita vuu! Mguu nje.

"Shikamoo, babu!" akapaza sauti. "Na bibi hajambo?"

Bibi? Mimi? Damu ikanichemka.

"Mpite!" nikampigia Risasi kelele mgongoni. "Mpite huyo asiye na adabu! Si unaona hakuna askari?"

Mgongo wake ukakakamaa. Pikipiki ikanguruma, nikamkumbatia kiuno tayari kwa vita. Kisha mngurumo ukashuka, tukarudi mwendo wetu uleule.

"Mama, kifungo kinaniuma," akasema.

"Kivumilie!"

"Hakivumiliki, Mama."

Nilinuna njia nzima. Tulipofika, binti alikuwa ameshaanza kuapa. Tukabanana mlangoni nyuma ya watu warefu; sauti yake niliisikia, uso sikuuona. Nikalia, kwa furaha na kwa hasira, vyote pamoja. Alipomaliza, Risasi akavua glavu ili apige makofi, akanipa nimshikie.

Nikaipapasa ile ya kulia kama fundi anavyopapasa nguo yoyote. Kiganjani hamna kifungo. Palibaki vipande viwili vya uzi wangu, vimekuwa vyeusi kwa jasho.

"We! Kifungo kiko wapi?"

"Kilidondoka kitambo, Mama," akaninong'oneza. "Kabla ya mvua kuanza. Nikanyamaza, nikajua utanishonea kingine."

Kabla ya mvua! Na mvua zilikuwa zimeshakwisha. Basi miguu yote ile aliyonyooshewa, na kelele zangu za leo, na barabara tupu isiyo na askari, kumbe hapakuwa na kitu cha kumfinya. Mkono ule uliokuwa ukienda wenyewe, alikuwa akiushika yeye.

Nikapiga kigelegele mpaka wale warefu wakageuka na kunipisha mbele. Walidhani namshangilia muuguzi. Cha muuguzi nilikipiga baadaye. Kile kilikuwa cha Risasi.