Damu ya Ukoo wa Susana

Susana aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Migori kwa miaka thelathini, na ulimi wake haukuwa na breki. Mjukuu wake Terry, wa miaka kumi na miwili, alipopatikana na saratani ya mfupa karibu na goti, Susana hakuficha aliyemlaumu.

"Kwetu ugonjwa huu haukuwapo," alimwambia Mellen, mke wa mwanawe Maroa, aliyetoka Kisii. "Umekuja nao wewe."

Maroa alisikia, akatoka nje.

Kisha daktari wa Terry akauliza habari za ukoo. Nani alikufa akiwa kijana? Susana akajibu mbio mbio: kaka yake Gisiri, uvimbe kichwani, miaka ishirini na sita. Dada yake mdogo, saratani ya titi, thelathini na mmoja. Hapo ndipo alipojisikia mwenyewe. Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama.

Walitolewa damu wote wanne. Majibu yalichukua wiki sita, na wiki hizo Susana hakumaliza sahani ya ugali hata siku moja.

Siku ya majibu daktari alieleza polepole. "Ndani ya seli kuna protini iitwayo p53. Seli ikiharibika, huizuia isizaane, au huiua. Protini hii ina maumbo tofauti kwa watu, na mengi hayadhuru. Hili la Terry ni dhaifu, kwa hiyo saratani hupata nafasi mapema. Si laana. Na si kila aliye nalo huugua."

"Limetoka kwa nani?" Mellen akauliza.

"Mlikubali niseme mbele ya wote. Bado mnakubali?"

Susana akatikisa kichwa kukubali.

"Mellen huna. Maroa unalo. Umelirithi kwa mama yako."

Susana akamgeukia Mellen. "Nimekutukana bure, mwanangu."

"Mara ngapi, mama?"

Susana akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Basi tumtibu Terry kwanza," Mellen akasema.

Terry alikatwa mguu, akapewa dawa. Mionzi daktari aliikwepa, maana kwa mwenye umbo hilo la protini ingeweza kuzua saratani nyingine. Terry alirudi shuleni kwa magongo. Susana naye alipochunguzwa mwili mzima, kivimbe kilionekana titini, kikatolewa kabla hakijasambaa. Mellen ndiye aliyemuuguza, kwa maneno machache mno.

Alipopata nguvu, Susana alikwenda Sindo kwa Damaris, binti wa marehemu dada yake. Damaris alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Damaris, nenda upimwe," Susana akasema kupitia mbao za mlango.

"Nina watoto wawili, mama mkubwa! Nikiambiwa ninalo?"

"Utachunguzwa kila mwaka, likitokea jambo liwahiwe. Mama yako hakuna aliyemwambia."

Susana akaketi kizingitini. Jua lilikuwa limeanza kushuka Damaris alipofungua, macho mekundu, kitambulisho mkononi.

"Twende pamoja," akasema.